Hii Simu ni ya Nani?

Kadi ya mteja wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, ile kadi inayobaki kliniki, ina maswali mengi kuhusu makazi ya mtu. Inauliza kata, kijiji au mtaa, jina la mwenyekiti, mjumbe wa nyumba kumi, mkuu wa kaya na namna ya kumpata, na jina la msaidizi wa matibabu. Katikati ya maswali hayo kuna mstari wa namba ya simu. Nilipohamishiwa Mufindi mwaka 2007 mstari huo mara nyingi ulibaki mtupu na hakuna aliyeuliza. Miaka kumi baadaye ulikuwa umeipiku mistari yote, na ile mingine tukawa tunaijaza harakaharaka ili foleni isogee. Nataka kuuzungumzia mstari huo mmoja tu. Naona mambo mengi ya kiteknolojia yanayoletwa kwenye afya na ustawi wa jamii yamesimama juu yake, na ni wachache kati ya wanaoyaleta waliowahi kukaa upande wa meza ninaokaa mimi.

Mimi ni muuguzi. Kwetu ni Rungwe, na nilipofika Mafinga, huko Mufindi, nilijidai kwamba baridi naijua. Kwetu Tukuyu kuna mvua, kuna matope, lakini baridi ya Mafinga ya mwezi wa sita na wa saba ni ya namna yake: ukungu unaingia mpaka kwenye chumba cha mafaili, karatasi zinalegea. Mji wenyewe umekaa kwenye barabara kuu iendayo Mbeya na Tunduma, malori hayalali. Kuna msitu wa Sao Hill na biashara yote inayotokana nao, mbao, nguzo za umeme, mirunda. Ukikata kushoto pale Nyololo ukapitia Igowole hadi Kibao unaingia kwenye mashamba ya chai. Kote huko ni kazi za vibarua, na kibarua ni mtu wa kuhamahama. Mwezi huu yuko kwenye chai, mwezi ujao anapakia mbao, wakati wa kulima karudi kwao.

Hali hiyo ya watu kuingia na kutoka ina sehemu yake katika namba ambazo kila mfanyakazi wa afya wa mkoa huu anazijua. Utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 uliikuta Iringa na maambukizi ya VVU ya asilimia 11.3 kwa watu wazima, ikiachwa kidogo na Njombe. Ule wa 2022–2023 uliikuta na asilimia 11.1, wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.4. Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, kwa hiyo nilipoingia mimi huduma ilikuwa bado changa na foleni ilikuwa ndefu mno. Watu walifika alfajiri wamejifunika mashuka, wengine wakiwa wametoka usiku vijiji vya mbali kama Mapanda, na wengine walipita kliniki ya jirani na kwao makusudi ili wasionwe na mtu wanayemfahamu.

Basi ndipo unapomuuliza mtu kama huyo namba ya simu.

Jibu la kwanza nililozoea ni hili: “Sista, andika ya shemeji, ila usipige.” Anakupa namba kwa sababu umemuuliza na hataki kukuvunjia heshima, na papo hapo anakukataza kuitumia. Karani wa takwimu anaandika namba. Lile katazo haliandikwi, kwa sababu kadi haina mahali pa kuliandika. Ikishaingia kwenye kompyuta, namba ya shemeji inakuwa namba ya mteja, na aje mgeni yeyote baada ya miaka mitatu, ataipiga bila wasiwasi.

Vijijini simu wakati ule ilikuwa ya kaya, na mara nyingine ya kitongoji kizima. Tena umeme ulikuwa mjini tu na kwenye makambi ya kampuni, kwa hiyo simu ililala dukani ikichaji kwenye jenereta au sola, mia mbili au mia tatu kwa kila chaji. Ukipiga saa tano asubuhi anapokea mwenye duka. “Mwenyewe kaiacha hapa. Nani nimwambie?” Swali la adabu kabisa, nami sikuwa na jibu la kulipa. Nikisema nimetoka hospitali, mwenye duka ana habari ya kuwasimulia wateja wake wa jioni. Nikisema sina jina, ndiyo mbaya zaidi.

Kisha ulikuja mradi wa ujumbe mfupi wa kukumbusha tarehe. Waliouleta walikuwa watu makini, na walikuwa wamefundishwa kwamba ujumbe usitaje ugonjwa wala hospitali, kwa sababu za usiri. Wakatunga maneno mafupi ya kistaarabu: habari, tunakukumbusha kufika Alhamisi, karibu sana. Hakuna jina la mtumaji. Nani angepinga? Mimi mwenyewe niliyasoma nikaona yamekaa sawa. Lakini ujumbe ule ulikuwa unafika saa moja jioni, familia imezunguka moto, simu iko mkononi mwa mume. Mtu asiyejitaja jina anamwambia mke wako afike Alhamisi, na anamkaribisha sana. Mama mmoja alikuja kliniki kabla ya tarehe yake, uso umevimba, akaniambia kwa upole kabisa, “Sista, ninyi mngeandika tu hospitali. Hospitali ningesema nina presha.”

Sentensi hiyo sijaisahau. Sisi tulikuwa tumeficha ugonjwa kwa kuificha hospitali. Yeye alihitaji hospitali itajwe waziwazi ili apate pa kuuficha ugonjwa. Kule kuficha kulikuwa na ufundi wake, ameujenga kwa miaka, anajua nani aambiwe nini na saa ngapi. Ujumbe wetu uliingia katikati ya ufundi huo kama ng'ombe kwenye bustani ya mchicha.

Nisieleweke kwamba ujumbe wa simu ni kitu kibaya. Mwaka 2012 ilianza huduma ya Wazazi Nipendeni: mjamzito alikuwa anatuma neno kwenda 15001 bila malipo, anapokea ushauri kwa Kiswahili kulingana na umri wa mimba, na hata mwenza au msaidizi wake aliweza kujiandikisha. Huku kwetu ilipendwa. Wanawake wengi walijisajili kwa simu za waume zao, na kwa hiyo ni waume waliosoma kwanza dalili za hatari, kwamba akivimba uso na mikono apelekwe kituoni mara moja. Kuna baba aliyekuja na mkewe akatusomea ujumbe kwa sauti mbele ya foleni nzima, na ni kama alikuwa anatupima kama tunaujua. Tofauti iko wazi. Mimba inaonekana na kijiji kizima kinaisubiri. Namba ikiwa ya mume au ya jirani, habari imefika panapotakiwa. Na waliobuni walikuwa wameshakubali tangu mwanzo kwamba msomaji anaweza kuwa mtu mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo sijawahi kuliona kwenye ripoti yoyote ya mradi, pengine kwa kuwa wanaoandika ripoti hawakai mahali pamoja muda wa kutosha. Orodha ya namba za simu inakufa. Inakufa kwa sababu zisizohusiana kabisa na afya. Mwishoni mwa 2015 kampuni ya simu ya Halotel iliingia sokoni na minara mingi ya vijijini. Mahali ambapo watu walikuwa wanapanda kichuguu kutafuta mtandao, sasa ulipatikana jikoni. Watu wakanunua laini mpya, wakaiweka ya zamani kwenye kibweta. Mwaka uliofuata tulipiga namba zetu tukakutana na yule dada wa mashine, namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Kwenye kompyuta watu hao wakaanza kuonekana watoro. Wengine walikuwa wamekaa kwenye benchi nje ya mlango wetu wakisubiri dawa, wakati karani ndani akijaribu kuwapigia.

Orodha ikafa mara ya pili. Mei 2019 ulianza usajili wa laini kwa alama za vidole, na baada ya Januari 20, 2020 zile zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Ili usajili ulihitaji namba ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, na ili upate namba ya NIDA ulihitaji vidole vinavyosomeka. Mtu aliyeshika jembe miaka hamsini, au aliyechuma chai tangu ujana wake, vidole vyake vimelainika, mistari haipo. Niliwaona wazee pale mjini wakipakwa mafuta vidoleni, wakifutwa, wakiambiwa bonyeza tena bibi, bonyeza kwa nguvu. Walioshindwa, au waliochoka, walifanya kilicho rahisi: mjukuu akasajili laini kwa jina lake, akampa bibi.

Hapo ndipo afya na ustawi wa jamii vinapokutana, maana Mufindi bibi ndiye mlezi. Ukimwi uliondoa kizazi cha katikati katika kaya nyingi, wakabaki wazee na wajukuu. Bibi huyo ndiye anayeleta mtoto kliniki, ndiye anayekumbuka dozi. Mara nyingi ndiye pia mnufaika wa TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, katika mpango wa kunusuru kaya maskini ulioanza mwaka 2012. Siku za mwanzo malipo yalikuwa fedha taslimu, kijijini, kwenye mkutano. Wanufaika walikaa kutwa chini ya mti wakisubiri kuitwa. Malipo ya simu yalipokuja yakaondoa adha hiyo, na yakaondoa pia hatari ya kusafirisha mamilioni kwenye njia za misitu. Sina ubishi na hilo.

Lakini laini ni ya mjukuu, na mjukuu kaenda kupakia mbao. Kuna bibi mmoja wa upande wa Mdabulo ambaye fedha zake zilikuwa zinafika kwenye simu iliyoko Mafinga mjini. Kijana hakuwa mwizi. Alikuwa anapokea, anatoa kwa wakala, anampa dereva wa gari la abiria ampelekee bibi, na wakati mwingine akikwama anachukua kidogo kununua chakula halafu anafidia mwisho wa juma. Mfumo ulionyesha malipo yamefika kwa asilimia mia. Bibi alipoulizwa alisema amepata, maana mjukuu wake hawezi kumsema vibaya mbele ya wageni. Yote mawili yalikuwa kweli, na bado kuna wiki alikula ugali kwa chumvi.

Kilichonishtua zaidi nilikiona polepole. Siku ile ya kukaa chini ya mti ilikuwa inachosha, lakini ilikuwa siku ambayo kila mzee wa kijiji anaonekana. Mtendaji anamwona, jirani wa kitongoji cha pili anamwona, mhudumu wa majumbani anapita kwenye mistari akisalimia, kamwene, kamwene, huku akiangalia nani miguu imejaa, nani anakohoa, nani hakuja na kwa nini. Mimi mwenyewe nilikuwa naomba tarehe za malipo ili nipange safari ya chanjo na ushauri sambamba nazo. Malipo yalipohamia kwenye simu, mkusanyiko ukapungua nguvu. Hakuna aliyepanga liwe hivyo. Waliohesabu faida walihesabu saa zilizookolewa, na zile saa ndizo tulizokuwa tunatumia kuwaona wazee.

Sasa nigeuke, maana nisipogeuka nitaonekana mzee wa kulalamikia umeme. Kuna mashine ambazo zimefanya kazi ambayo mimi na wenzangu tusingeifanya hata tungekuwa mia. Ya kwanza kwangu ni ile ya kupima wingi wa virusi. Sampuli zetu zilikuwa zinakwenda Mbeya, kwenye maabara ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda, kilomita kama 250 kutoka Mafinga, na majibu yalirudi kwa karatasi. Karatasi ikichelewa, mtu anarudi mara mbili na mara tatu kuulizia, kila mara nauli. Nyingine zilikuwa zinarudi jina limekosewa herufi moja, na herufi moja huku kwetu ni ukoo mwingine. Majibu yalipoanza kuonekana kwenye kompyuta, sampuli moja, namba moja, tukaacha kupoteza wiki kwa wiki tukingojea bahasha.

Na kutokana na majibu hayo ndipo ikawezekana kumwambia mtu: virusi vyako vimefubaa, hatuna sababu ya kukuita kila mwezi. Chukua dawa za miezi mitatu. Baadaye tukafika hadi sita kwa waliotulia. Sidhani kama anayeishi mjini anaweza kupima uzito wa jambo hili. Mama wa Mapanda aliyekuwa akitumia siku mbili na nauli ya kwenda na kurudi kila mwezi, tena wakati wa masika ambapo lori la mbao likizama njiani mnalala hapohapo, sasa anakuja mara mbili kwa mwaka. Hakuna programu ya simu iliyowahi kumpa zawadi kubwa kama hiyo. Na ona kwamba haikumuuliza namba ya simu. Teknolojia yote ilikuwa maabara na kwenye ghala la dawa, yeye akaachwa na maisha yake.

Ya pili ni 115. Huduma ya m-mama ilianzia kanda ya ziwa, Shinyanga na Sengerema, na mwaka 2022 Rais Samia akazindua kuenezwa kwake nchi nzima. Mjamzito akipata dharura, au mama aliyejifungua, au mtoto mchanga, yeyote anapiga 115 bila malipo. Anayepokea anauliza maswali machache ya kitabibu, anaangalia gari la wagonjwa liko wapi, na kama liko mbali anamwita dereva wa jamii, mwenye gari lake binafsi, aliyekwishaandikishwa na kufundishwa. Akimfikisha mama kituoni, analipwa kwa simu.

Nimekaa nikifikiri kwa nini hii imeshika wakati nyingine nyingi zimekufa na mabango yake. Naamini ni kwa sababu haijali simu ni ya nani. Ya shemeji inafaa. Ya mwenye duka inafaa. Inauliza mama yuko wapi na ana hali gani, na kwa jibu la wapi haitegemei ramani peke yake. Dereva ni mtu wa tarafa ileile. Ukimwambia kwa mzee fulani pale palipoanguka mti wa mlingoti mwaka jana, amekwisha kuelewa. Utafiti wa afya ya uzazi wa 2015–2016 ulikadiria vifo vya wajawazito 556 kwa kila vizazi hai laki moja, na ule wa 2022 ukapata 104. Huwa sikubali mtu yeyote anayesema namba hizo zimeshushwa na simu. Zimeshushwa na vituo vya afya vilivyojengewa vyumba vya upasuaji, na damu, na wakunga. Lakini chumba cha upasuaji kilichoko kilomita sitini hakina maana bila gari.

Nirudi kwa watoro, maana ndipo ugomvi wangu na kompyuta ulipokomaa.

Kila robo mwaka mfumo unatoa orodha ya walioruka tarehe. Orodha hiyo inapewa WAVIU washauri, wenzetu wanaoishi na virusi na waliokubali kuwafuata wengine majumbani. Mshauri niliyefanya naye kazi muda mrefu alikuwa mama wa makamo, muuza maparachichi, hana haraka. Nilikuwa nikimpa orodha anaisoma jina kwa jina na kalamu mkononi. Huyu kafariki, msiba ulikuwa Jumapili. Huyu kaolewa Makambako. Huyu hayupo hapa lakini dawa anameza. “Anazipata wapi?” “Sista, anazipata.” Alikuwa haniambii zaidi ya hapo, nami nilijifunza kutouliza zaidi ya hapo.

Nilichokuja kuelewa ni kwamba sehemu kubwa ya watoro wetu hawakuwa watoro. Walikuwa wamejihamisha kimyakimya. Mwalimu wa shule ya kijijini hawezi kupanga foleni moja na wazazi wa wanafunzi wake, anakwenda Iringa mjini. Mke wa mchungaji hivyohivyo. Huko wanaanza upya, kwa jina la ubatizo badala ya la ukoo, au kinyume chake. Kwenye takwimu tuna mtoro mmoja Mufindi na mgonjwa mpya mmoja Iringa. Kwenye maisha kuna mtu mmoja mwenye afya, anayefanya kazi yake, ambaye nusu ya uzima wake ni vidonge na nusu ni kutojulikana.

Ndiyo maana huwa nasita ninaposikia wazo la kuwatambua wateja wote kwa alama za vidole ili kila mtu awe na faili moja nchi nzima. Faida naziona. Dawa zinanunuliwa kwa fedha, na mtu kuhesabiwa mara mbili ni hasara. Daktari wa Iringa akijua historia ya mgonjwa tangu Mufindi atatibu vizuri zaidi. Na sheria tunazo: ile ya VVU na Ukimwi ya 2008 inalinda siri ya mgonjwa, na ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023. Lakini sheria inamwadhibu aliyetoa siri baada ya kuitoa. Yule mwalimu wa kijijini hangoji hukumu. Siku atakapoona kidole chake cha Iringa kimefungua faili la Mufindi mbele ya karani ambaye ni mtoto wa jirani yake, hatarudi Iringa wala Mufindi. Afadhali kuhesabiwa mara mbili kuliko kuzikwa mara moja, na katika hili sitafuti njia ya katikati.

Serikali sasa inaandaa wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa wingi. Mpango uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, na kazi yao inakwenda pamoja na kuandika taarifa za kaya kwenye simu janja. Naufurahia mpango huu kuliko mingi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza anayeshika kifaa ni mtu wa kitongoji. Hofu yangu ni ndogo na ya kikazi: kwamba tutampima kwa kaya alizojaza, akaacha kukaa. Mshauri wangu muuza maparachichi angepata alama mbaya sana. Angekuwa amejaza kaya mbili kwa siku, na ya tatu amekunywa nayo chai.

Hivi karibuni walikuja vijana wawili kutufundisha toleo jipya la mfumo. Vijana wazuri, wa chuo, wana subira na vidole vyetu vizito. Mmoja alionyesha ukurasa wa usajili: jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu, na alama nyekundu kwamba bila simu ukurasa haufungi. Nikamuuliza mtu asiye na simu tufanyeje. Akasema wengi huweka sifuri kumi. Wenzangu wakacheka, maana hakuna aliyefundishwa, wote tulikuwa tunaweka sifuri kumi.

Nikamwambia kama ana uwezo wa kugusa ukurasa huo, aondoe ile nyekundu, na chini ya namba ya simu aongeze mahali pa maswali mawili: hii simu ni ya nani, na akipokea mwingine tuseme nini. Kijana hakunibishia. Alifungua daftari, akaandika, akauliza sehemu hiyo iwe ya herufi ngapi. Nikamwambia aache nafasi ya kutosha. Mama mmoja wa Igowole tayari nina maelekezo yake, mshauri aliyaandika kwa penseli nyuma ya kadi: simu ya binti, piga saa nne asubuhi, Jumatano usipige kabisa kuna mnada, akipokea mwanaume jifanye mama wa kikoba, dai elfu tano ya hisa, atakukatia yeye mwenyewe.